Kijiko Ukutani

2 Aprili

Candide ametugawia madaftari tuandike vipimo vya klorini. Kurasa za mbele ni za kazi: hafifu ya kunawa mikono, ya kati ya sakafu na viatu, kali ya matapishi na maiti. Kurasa za nyuma nimejipa mwenyewe, maana nisipoandika mahali nitaishia kumwambia Mama, na Mama ana hofu zake za kumtosha.

Kwa kifupi basi, ili hata nikisoma mwakani nielewe. Mimi ni Rosette, nina miaka thelathini na minne, nachora mabango ya saluni kule Mutakura, na tangu mvua zianze hakuna aliyetaka bango. Ziwa limepanda, mto Rusizi umepanda, nusu ya kitongoji cha Gatumba imo majini na kipindupindu kimeingia. Wamesimamisha mahema sita kando ya barabara ya mpakani, wakatafuta watu wa usafi. Nimeanza leo. Nabeba pampu ya klorini mgongoni, nanyunyizia, namwaga ndoo, naosha vitanda. Vitanda vina tundu katikati na ndoo chini yake. Sitaeleza zaidi.

Ninaogopa. Naandika hivyo siku ya kwanza ili nisije nikajifanya shujaa baadaye. Jioni nimevua nguo zote uani, nikajimwagia maji ya klorini mpaka macho yakawasha, ndipo nikamruhusu mwanangu Elsa anisogelee. Ana miaka sita. Amesema nanuka kama choo kipya.

3 Aprili

Mvua kutwa. Wagonjwa kumi na mmoja.

5 Aprili

Amefariki mtu wa kwanza tangu nianze, mama muuza samaki aliyekuja asubuhi akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Saa saba mchana alikuwa amekwisha. Hiyo haraka ndiyo inayonitisha kuliko kitu kingine chochote.

Candide ni muuguzi mkuu wetu, mwembamba, na akisema hata madaktari wananyamaza. Alinionyesha jinsi ya kuchanganya ile kali na wapi pa kuanzia kunyunyizia. Kwa woga nilijimwagia buti. Hakunicheka. Alisema anapenda wafanyakazi waoga kwa sababu wananawa.

6 Aprili

Siku nne sijamgusa mwanangu ila kwa kiwiko.

8 Aprili

Wamemleta mzee juu ya mlango. Mlango wa nyumba kabisa, kitasa chake bado kipo. Majirani waliung'oa, wakamlaza juu yake, wakamvusha kwa mtumbwi kutoka Gatumba ndani, kule ambako maji yamefika madirishani na yeye alikataa kuhama. Wanasema alikuwa akiishi juu ya meza yake.

Macho yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiibana ilibaki imesimama. Hema lilikuwa giza kwa mvua, nikamshika mzee kwa mkono mmoja na taa ya simu kwa mwingine huku Candide akitafuta mshipa. Mkono wa kulia, hakuna. Wa kushoto, hakuna. Akaupata mguuni, karibu na kifundo. Muda wote huo nilikuwa nikimwomba Mungu mzee asifie mikononi mwangu. Sikuomba apone, niliomba tu asife nikiwa nimemshika mimi. Ni ombi la ubinafsi na naliandika kama lilivyokuwa.

Kwenye karatasi yake wameandika: Népomuscène, miaka kama sabini, Gatumba, hana mtu.

9 Aprili

Mzee wa mlango yu hai. Chupa kumi za serumu, maji ya mshipani.

10 Aprili

Idi. Rachid anayeniuzia rangi kule Buyenzi ametuletea sahani ya pilau kwa ajili ya sikukuu. Nimeitazama kwa muda. Nimenawa mara nne, nikala kwa kijiko, nikanawa tena. Mama alikuwa akiniangalia kama mtu anayeanza kurukwa na akili, na sina hakika kwamba anakosea.

11 Aprili

Leo nimekutana na mtu niliyemjua maisha yangu yote bila kumwona.

Mzee alikuwa ameketi kitandani, serumu bado mguuni. Alikuwa ameomba kalamu ya bic kwa Candide na kuokota kipande cha katoni, nikadhani anaandika barua. Nilipopita na pampu nikaona ni mikono yangu. Mikono yangu ndani ya glavu, inanawa, na kati ya vidole yanaanguka matone matatu, la katikati kubwa kuliko wenzake na lina mkia. Nikasimama pale pale, pampu ikiendelea kuvuja kwenye buti.

Lazima nieleze. Tulipokimbia kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, nilikuwa na miaka tisa. Kambini hakukuwa na kitabu wala televisheni. Picha zilikuwa zile tu za afya zilizobandikwa kwenye zahanati: mwanamke ananawa mikono, mwanamke anafunika chakula, mwanamke anachanganya maji ya chumvi na sukari kwa ajili ya mtoto anayehara. Watoto wengine walipita tu. Mimi nilisimama mbele yake mpaka muuguzi akadhani nimepotea. Yule mwanamke alikuwa na shingo ndefu na kitambaa kilichofungwa upande, na alinawa kama mtu anayejua kwamba anatazamwa na yuko tayari. Na matone yalikuwa matatu, siku zote matatu. Chini pembeni paliandikwa Népo. Sikujua kama ni jina la mtu au la kampuni. Nikachukua mkaa nikaanza kumwiga, kwenye mabati, kwenye kuta za udongo za majirani walioniruhusu na wasioniruhusu. Kila bango la saluni nililochora tangu hapo, ukiangalia vizuri, lina ile shingo. Nilitaka kuwa Népo. Kwa miaka mingi sikutaka kitu kingine.

Nikamwambia. Maneno yalinitoka yote kwa pamoja nyuma ya barakoa, kwamba nimejifunza kuchora kwake, kwamba yule mwanamke wa kitambaa ndiye aliyenilea nusu. Nilidhani atafurahi. Nani asingefurahi?

Aliweka bic chini. Sauti yake ilikuwa bado kavu.

"Uliona picha gani? Ya mikono, ao ile ya kijiko?"

Nikasema zote, lakini hasa ya kijiko, maana hiyo niliichora mwenyewe kwenye ukuta wa kibanda chetu, nikaweka hata jina lake pembeni. Akageuka, akalala uso ukielekea turubai. Katoni nayo akaigeuza.

12 Aprili

Nikikaribia anafumba macho. Sijui nimemkosea nini, na nimekuwa nikijiuliza kutwa kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

13 Aprili

Wagonjwa ishirini na sita. Upepo umeng'oa hema la tatu mchana, tukawahamisha watu na serumu zao mvuani.

15 Aprili

Mzee amepona, lakini hana pa kurudi. Candide amempa nafasi kwenye hema la walinzi mpaka maji yashuke. Leo nilikuwa nimepiga magoti nasugua chini ya kitanda alichokuwa anakiacha, na labda kwa sababu hakulazimika kuniona usoni, akaanza kusema mwenyewe.

Kwanza alicheka kidogo. Alisema amechora miaka kumi na tano watu wasinywe maji kama yale, kisha amekaa juu ya meza akayanywa, kwa sababu kiu haisomi mabango.

Alikuwa mchoraji wa ofisi moja iliyokuwa ikichapisha picha za afya. Imefungwa siku nyingi. Kijiko alikichora kwanza kama kilivyo, kijiko kidogo cha chai mkononi mwa mwanamke. Mkubwa wake akaibandika picha ukutani, akaenda kukaa kwenye benchi la nyuma wanakokaa akina mama zahanati ikijaa, akasema kijiko hakionekani. Kikuze. Akakikuza. Bado. Kikuze tena. Mwishowe kijiko kikawa kirefu toka kiganja cha mwanamke hadi kiwiko chake, kinaonekana hata kutoka barabarani, na ofisi nzima ikampongeza. Ndivyo walivyofanya kazi, alisema. Kitu cha muhimu kinakuzwa. Sabuni alikuwa akiichora kubwa kama tofali, na sabuni kubwa haikumdhuru mtu.

Mwaka uliofuata wakamtuma milimani kuona picha zinavyotumika. Katika nyumba moja akamkuta mama anachota chumvi kwa upawa.

"Nikamuuliza, mama, juu ya nini upawa? Akanionyesha picha yangu," alisema Mzee. "Akaniambia, njo vile mulichora."

Mtoto wa mama yule aliwahiwa. Wangapi hawakuwahiwa, Mzee hajui na hakuna aliyehesabu. Chumvi ikizidi inamkausha mtoto badala ya kumrudishia maji, na mama yake hajui, anaendelea kumpa kikombe baada ya kikombe kwa mapenzi yote. Aliporudi mjini aliacha kuchora. Ameuza mkaa Gatumba miaka ishirini na mitatu. Ile katoni, alisema, aliichora akidhani anakufa, kwa hiyo haimo kwenye hesabu.

Nilimsikiliza mpaka mwisho huku nikisugua mahali palipokwisha takata zamani.

16 Aprili

Nilikuwa na mdogo wangu, Jordan. Sijawahi kuliandika jina hili mahali popote isipokuwa kwenye fomu.

Alikuwa na miaka miwili. Alihara siku tatu kambini, akafa. Watoto wengi walikufa mwezi ule, na sisi tulisema kama wote, kipindupindu. Lakini wiki mbili hizi nimewaona watoto wa kipindupindu. Wanaokunywa maji yao wanapata nafuu. Macho yanarudi, wanaanza kulia kwa sauti. Jordan alikunywa. Namkumbuka vizuri mapajani mwa Mama, anakunywa kutwa, na kadiri alivyokunywa ndivyo kiu ilivyozidi, mpaka akawa anakakamaa na kutetemeka.

Picha ya mwanamke wa kijiko ilikuwa ukutani juu ya mkeka wake. Niliichora mimi. Na kwa kuwa mkaa ni mnene na ukuta ulikuwa mkubwa, kijiko nilikikuza zaidi ya kile cha Népo. Nilikipenda kuliko sehemu nyingine zote.

Siwezi kumwuliza Mama.

17 Aprili

Sijala. Nimesema ni joto.

19 Aprili

Pakiti za SRO, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, zinaelekea kuisha na barabara ya kuleta nyingine imekatika. Candide anawafundisha akina mama kuchanganya wenyewe nyumbani. Anasema waonje kabla ya kumpa mtoto: ikipita chumvi ya machozi, wamwage waanze upya. Lakini hawezi kufika kila kibanda. Kwa hiyo leo amenisimamisha mbele ya ukuta mrefu wa ghala la mpunga, mahali watu wanapopanga foleni ya maji na bidoni zao. Amesikia kwamba nachora. Anataka picha ya kuchanganya maji, kubwa, inayoonekana kutoka mbali.

Nikamwambia sina rangi. Akasema atatafuta. Nikamwambia mkono wangu mbaya. Alinitazama kwa namna yake, akaondoka.

20 Aprili

Candide tena. Nimekataa tena. Mvua.

21 Aprili

Wawili wamekufa, wote watoto, wote waliletwa wamechelewa. Wa pili alikuwa na urefu wa Jordan. Nimemnyunyizia ile kali nikiwa nimefumba macho, jambo ambalo ni kosa la kazi.

22 Aprili

Elsa ameamka anahara.

Mara ya kwanza nilijiambia ni maembe mabichi. Mara ya tatu yalikuwa maji matupu. Nilisimama mlangoni nikashindwa kufanya hata jambo moja kati ya yale ninayowafanyia watoto wa wengine kutwa. Nimemletea ugonjwa mimi, nilikuwa nikijiambia, nimeuleta kwenye kucha, kwenye nywele, kwenye daftari hili. Nikamwambia Mama achanganye maji ya chumvi na sukari wakati nakimbia kutafuta gari, na kwa shida hii ya mafuta gari ni bahati.

Nilipolipata nikarudi, nikamkuta Mama amesimama jikoni. Maji yalikuwa tayari kwenye chupa, yamechemshwa na kupozwa. Sukari mezani, chumvi mezani, kijiko cha chai mkononi mwake. Hakuwa amechanganya chochote.

"Mi sichanganye," alisema. "Changanya we."

Nikachanganya. Nikaonja mara tatu. Elsa akanywa njia nzima, kidogo kidogo, kichwa chake kifuani kwa Mama, na mimi nikihesabu mafunda kwa sauti mpaka dereva akaniomba ninyamaze.

Sio kipindupindu. Candide amempima, amekaa karibu naye mpaka adhuhuri, akasema ni tumbo tu. Saa nane Elsa alikuwa anadai mkate. Nikakaa na Mama kwenye benchi nje ya hema, mtoto amelala katikati yetu. Hapo ndipo nilipouliza. Nilisema tu, Mama, ulipima na nini? Hakuniuliza nazungumzia nini. Alikuwa amelingoja swali hilo miaka ishirini na mitano.

Tulikuwa na kijiko kimoja kibandani, kidogo. Mama hakukiamini. Akakichukua, akakiweka ukutani juu ya kijiko nilichochora mimi, akaona ni kidogo mno. Basi akapima picha kwa mkono wake, toka kiganja hadi kiwiko, akatoka kibanda kwa kibanda akitafuta kijiko cha kadiri hiyo. Alizunguka asubuhi nzima, Jordan mgongoni. Akapata upawa kwa mwanamke aliyekuwa akipika maharage ya matanga. Akarudi nao, akauweka ukutani juu ya picha, ukalingana.

"Nikashukuru Mungu," alisema Mama.

Siku ya tatu muuguzi aliuona upawa na akamweleza, lakini tulikuwa tumekwisha kuchelewa. Mama alirudi kibandani kabla sijafika kutoka kuokota kuni, akachukua maji akausafisha ukuta mpaka udongo ukaanza kubomoka. Hilo la ukuta nalikumbuka. Nilidhani ni desturi ya msiba. Baadaye, tulipofika Mutakura, ni yeye aliyeninunulia brashi ya kwanza. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa na myaka tisa," alisema. "Ningekuambia, ungeipeleka wapi?"

Akamfunika Elsa miguu kwa kitenge chake. Nililia, na Mama aliniacha nilie bila kunigusa, kwa sababu nilikuwa bado na nguo za kazi.

23 Aprili

Elsa amekula wali sahani mbili. Nimebaki nyumbani kumtazama akila.

24 Aprili

Nilikwenda kwa Mzee nikiwa nimejiandaa kumchukia. Njiani nilipanga maneno. Nilimkuta mbele ya hema la walinzi anakausha viatu, nikamwambia yote bila kupunguza: ukuta, upawa, Jordan. Uso wake ulizeeka mbele yangu. Akaniuliza Jordan alikuwa mtoto wa namna gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikasema alikuwa mkorofi, alikuwa akila mkaa wangu.

"Basi tuko wawili, mwana wanje," alisema Mzee, akiniita mwanangu kwa lugha ya kwao.

Nikamwambia tuko watatu, na huyo wa tatu ndiye aliyebeba peke yake. Chuki niliyokuja nayo sikuiona tena mahali nilipoiweka. Nilikuwa nimechoka tu, na naogopa.

Kisha nikamwambia kitu kilichokuwa kikinizunguka kichwani tangu kwenye benchi. Yeye na mkubwa wake walihangaika watu waone kutoka mbali. Mama hakuangalia kutoka mbali. Mama alikwenda mpaka ukutani akaweka kijiko juu ya kijiko. Na yule wa milimani labda naye. Watu wanapimia ukutani, Muzee, nikasema, hawatazami tu. Katika miaka yake yote ya kazi, alisema Mzee, hakuna aliyemwambia hivyo, na yeye hakuwahi kuuliza.

Mbele ya kibanda cha soda kilicho karibu na mahema, ardhi imejaa vifuniko vilivyokanyagiwa kwenye tope. Mzee alikuwa akivitazama. Akakichokoa kimoja kwa kidole cha mguu, akakiokota, akakifuta kwenye suruali.

"Hii haikuwe kubwa, haikuwe ndogo," alisema. "Ya Gatumba na ya Uvira ni moja. Tusiichore. Tuipige ku ukuta na musumari."

Tulikimbia kwa Candide, kama mtu anaweza kukimbia na buti hizi. Alipima kifuniko kwa bomba la sindano, maji, kisha sukari, kisha chumvi, mara tatu, akitusukuma tulipomkaribia. Akaandika ni vingapi vya sukari kwa lita moja, na chumvi iishie wapi ndani ya kimoja. Akatia saini, akaniambia sasa nisimletee tena habari ya mkono mbaya.

27 Aprili

Tunachora. Rachid ameniletea rangi mwenyewe, akasimama mbali na mahema amejifunika pua kwa shati. Mzee anachora mistari kwa mkaa, nami nafuata na brashi. Mkono wake unatetemeka, lakini ukifika kwenye shingo hautetemeki. Nilimwona akimleta yule mwanamke kutoka kwenye ukuta mtupu, shingo, kitambaa upande, mikono, matone matatu, nikawa na miaka tisa kwa muda kama wa kunywa chai. Nilifurahi. Kisha nikakumbuka ni kwa nini tuko pale.

Kijiko hakuna. Mkononi mwake kuna kifuniko, na chini ya picha, kwenye usawa wa kiuno cha mtu mzima, tumepigilia vile vifuniko vyenyewe, midomo nje, mstari mmoja wa sukari. Cha chumvi kiko peke yake, na ndani nimekichorea mstari mwekundu. Nimehesabu mara nane. Nimerudi kutoka barabarani kuhesabu ya tisa.

29 Aprili

Nimesimama kwenye foleni ya maji bila buti nione watu wanafanya nini. Mwanamume mmoja amesema mwanamke huyu mzuri, ni wa wapi. Wawili wamepiga naye picha. Hakuna aliyevitazama vifuniko. Nimerudi nyumbani nikiufikiria ule ukuta njia nzima.

1 Mei

Mvua ndogo. Wagonjwa tisa.

5 Mei

Mama amesema anataka kuona. Hajawahi kukanyaga upande huu tangu tulipovuka mpaka, isipokuwa siku ile ya Elsa. Amevaa kitenge chake cha kanisani, amemshika Elsa mkono, na chini ya khanga alikuwa na chupa ya maji aliyochemsha mwenyewe, sukari na chumvi kwenye karatasi.

Mzee alisimama alipomwona, akavua kofia. Wakaamkiana amahoro, yaani amani. Akasema yeye ni Népo.

"Najua," alisema Mama. "Jina yako ilikuwa kwetu ku ukuta. Niliiosha."

Mzee aliinamisha kichwa. Mama hakuondoka. Aliinama akaokota kifuniko kwenye tope, akakiosha kwa klorini ya ndoo ya lango, akakiosha tena kwa maji yake. Akakisogeza ukutani akakiweka juu ya kile kilichopigiliwa. Kingo zikakutana. Alikishika pale kwa muda, akakitoa, akakiweka tena. Foleni nzima ya maji ilikuwa imegeuka inamtazama, na mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akatoka kwenye mstari akasogea.

Mama alipima sukari akihesabu kwa sauti. Alipima chumvi, akaisawazisha kwa ukucha kwenye mstari. Akatikisa chupa. Akaonja, akakaa na yale maji mdomoni.

"Haijapita machozi," alisema.

Akamimina kikombe, akampa Elsa, mbele yangu na mbele ya Népo. Nilitaka kukipokonya. Najua vipimo, nilivipigilia mwenyewe, na bado mkono wangu ulinyanyuka. Mama aliuona ukishuka. Elsa akanywa chote, akaomba kingine kwa sababu ya sukari. Yule mwanamke wa foleni alikuwa tayari ameinama anatafuta kifuniko chake.

6 Mei

Elsa anacheza uani. Nimekaa karibu naye kutwa. Amekojoa mara tatu, nimeangalia rangi zote tatu. Anasema nimwache.

11 Mei

Wagonjwa watatu. Jua mpaka saa kumi.

Candide amepiga simu nikiwa nyumbani. Kifuniko cha chumvi kimelegea ukutani, karibu kinang'oka, kwa sababu ya watu kupimia. Nimeogopa sana, maana kikidondoka watu watakisia chumvi. Mama ameingia ndani akatoka na nyundo, akanipa, akasema niwahi kabla jua halijazama.